Magari Yaliyosimama Kwenye Matanga

Nilikuwa nimechoka kabla mashine haijaja, kwa hivyo sitaisingizia kila kitu. Mtu akishakaa kwenye ukaguzi wa mahesabu miaka niliyokaa mimi, kwanza Kitale, halafu Nairobi, halafu Juba ambako nilimwambia mama yangu naenda kwa muda mfupi tu, anachoka kwa namna ambayo likizo haiitibu. Unachoka kuwauliza watu maswali ambayo wewe mwenyewe ungekasirika ukiulizwa. Unachoka kuona watu wakinyamaza ukiingia. Nilikuwa nikiingia jikoni pale ofisini kujimiminia chai, mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kusema leo kuna joto. Jamani, Juba tangu lini joto likawa habari?

Kampuni yetu husambaza vyakula na vinywaji: unga, mchele, mafuta ya kupikia, maji ya chupa. Ofisi iko Thongpiny, karibu sana na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege ikipaa tunanyamaza wote katikati ya sentensi, ikishapita tunaendelea. Wateja wetu wakubwa ni mahoteli na mashirika ya misaada, na wateja wa aina hiyo hawanunui unga peke yake. Wananunua na uhakika kwamba hakuna aliyeiba njiani, hakuna dereva aliyeshika usukani akiwa amelewa, hakuna dizeli iliyoishia kwenye jenereta ya shemeji ya mtu. Huo uhakika ndio uliokuwa kazi yangu. Niliutafuta kwa miguu na macho. Nilikwenda ghalani, nilisimama getini, nilipanda lori na dereva tukazunguka mji mzima nikiuliza hiki na kile.

Halafu makao makuu ya Nairobi yakanunua mfumo.

Kwenye mkutano wa kuutambulisha waliuita akili mnemba, na walivyouzungumzia ungedhani wameoa. Ulikuwa unasoma traka za magari yote, vile vifaa vinavyoonyesha gari liko wapi, na kadi za mafuta, risiti, saa za kutoka na kurudi, mchana na usiku bila kwenda choo. Kisha unajifunza wenyewe kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida. Kila dereva akapewa rangi. Kijani, hana neno. Njano, anaangaliwa. Nyekundu, kuna shaka kubwa, na mkaguzi lazima aieleze kwa ushahidi kabla muda haujaisha. Asipoieleza, jina la dereva linajituma lenyewe kwa mteja wetu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ndivyo mkataba wao ulivyotaka, na dereva ambaye jina lake limetumwa haingii tena kwenye lango lao. Dereva asiyeingia kwenye lango lile kampuni haina kazi naye. Kwa hiyo hakuna mtu anayemfukuza mtu. Hilo ndilo lililowafurahisha zaidi Nairobi. Hakuna upendeleo, walisema, hakuna kujuana.

Mimi nikajiambia, haya, labda sasa nitapumzika. Wapi! Mashine haikupunguza maswali, iliyazaa. Kila asubuhi nilikuta foleni yake kwenye skrini. Gari limesimama barabarani muda usio wa kawaida: mvua ilikuwa imeifanya barabara kuwa tope. Dereva amejaza mafuta sehemu mbili asubuhi moja: pampu ya kwanza iliishiwa katikati. Kwa kila swali nilitakiwa kuchagua sababu kwenye orodha, nibandike ushahidi, nifunge. Ilikuwa kazi ya kuieleza Juba kwa kitu ambacho hakijawahi kuikanyaga Juba, tangu nifike ofisini mpaka macho yaanze kuwasha. Nilikuwa narudi nyumbani sitaki kuongea na mtu.

Katika madereva wetu kulikuwa na mmoja ambaye sikuwahi kumwona na rangi nyingine ila kijani. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, anayeendesha lori kubwa la unga kwa namna ya mtu aliyebeba mayai. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akarudi Juba na mkewe wakajenga nyumba mtaa wa Nyakuron, kisha mambo yalipochafuka tena mkewe akarudi kambini na watoto wanne ili wasome huko kwa amani. Watu wengi hapa wanaishi hivyo, baba huku anatafuta, mama na watoto kule ng'ambo ya mpaka wa Nimule. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda. "Mimi iko sawa, mama," aliniambia kila asubuhi, nami nilikizoea mpaka siku nyingine nikajikuta namjibu, "Hata mimi iko sawa, mzee." Alicheka sana siku hiyo.

Mkewe alifariki kule kambini, kwa homa ya siku chache. Simu ilikuja asubuhi akiwa ghalani anapakia. Siku hizo barabara ya Nimule ilikuwa imefungwa kwa sababu za usalama, na kule hawakuweza kungoja, wakazika kesho yake. Yeye alibaki Juba na simu yake mkononi.

Kwa hiyo matanga yakafanyika Nyakuron, nyumbani kwake. Hapa wanaita bika. Marehemu anaweza kuwa amezikwa mbali, hilo halizuii kitu. Pale walipo ndugu na majirani ndipo turubai linafungwa, viti vya plastiki vinaletwa, na watu wanakaa. Kazi yenyewe hasa ni kukaa. Unafika, unashika mkono wa mfiwa, unakaa, unapewa chai, unasikiliza watu wakizungumza mambo yao, unaondoka, kesho unarudi. Mwanzoni nilipokuja Juba niliona ni kupoteza muda. Baadaye nikaelewa kwamba mfiwa anahesabu kwa macho nani amekuja, na kwamba hicho ndicho kinachomshikilia.

Ofisi nzima ilikwenda. Pikapu zilibeba maji na makaa, zikabeba viti, zikawabeba kina mama wazee kutoka mtaa wa Malakia ambao wasingeweza kupanda boda. Malori yakitoka kupeleka mzigo yalipita pale, dereva anazima injini, ananawa mikono, anakaa kidogo na mwenzake. Mkuu wa magari, Mganda wa Arua, kijitu kifupi chenye moyo mkubwa kupita kiasi, ndiye aliyeruhusu. Mke wa mkuu huyo alikuwa nyuma ya nyumba ya mfiwa kwenye masufuria tangu kunapopambazuka mpaka jioni, kila siku, na sufuria zenyewe alizileta kutoka kwake. Nami nilikwenda, kwenye pikapu, na wanawake wa uhasibu. Tulimkuta mfiwa amekaa katikati ya wanaume, amevaa shati la kampuni, nadhani hakukumbuka kulibadilisha. Nikamshika mkono.

"Asante kwa kuja, mama," akasema. Akatazama turubai lote, mwisho mpaka mwisho. "Watu ilikuja mingi."

Alisema kama mtu ambaye hakutegemea. Nililia, mimi ambaye huwa silii ovyo.

Jumatatu nikafungua kompyuta.

Skrini nzima ilikuwa nyekundu. Mfumo ulikuwa umeandika ripoti, na ripoti zake zina adabu sana, zinaandikwa kama barua ya benki. Ulisema umebaini kwamba takribani magari yote ya kampuni yamekuwa yakisimama kwenye nyumba moja ya makazi isiyosajiliwa, kwa siku mfululizo, kwa muda mrefu, injini zikiwa zimezimwa. Mwenendo huo, ulisema, unafanana na wizi wa mafuta au bidhaa uliopangwa na watu wengi. Kisha ulitafuta kinachowaunganisha hao watu wengi, na ukakipata: anwani ile ni ya mfanyakazi wetu fulani, dereva. Halafu ukaongeza kwamba katika kipindi hicho chote gari la mfanyakazi huyo peke yake ndilo ambalo halikutembea, jambo linaloashiria kwamba yeye ndiye mratibu.

Nilicheka. Kicheko kibaya, cha peke yangu mezani. Mtu alikuwa amekaa nyumbani kwake anamlilia mkewe, na mashine ikamwona mkubwa wa wezi. Na ilivyokuwa inapiga hesabu zake, kila aliyekuja kumpa pole alimwongezea uzito. Aliyekuja mara mbili alimwongezea mara mbili. Pikapu yangu na wanawake wa uhasibu ilikuwemo humo, na muda tuliokaa.

Haya, nikafungua orodha ya sababu. Mteja. Muuzaji. Karakana. Kituo cha mafuta. Dharura ya kiafya. Nyinginezo. Nikachagua nyinginezo, nikaandika kwamba huu ni msiba, mke wa dereva amefariki, watu walikwenda matangani kama ilivyo desturi ya hapa. Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono: maelezo hayatoshi, tafadhali bandika hati inayothibitisha tukio. Nikaandika tena, kwa urefu zaidi na hasira zaidi. Tafadhali bandika hati. Nikaenda nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka nilipotulia.

Kesho yake mkuu wa magari akaingia ofisini kwangu akitabasamu.

"Madam, mambo yameisha. Ile nyumba nimeiweka kwa sistimu. Sasa iko kijani."

"Umeiwekaje?"

"Kama supplaya."

"Supplaya wa nini?"

"Wa chakula," akasema. "Si tulikula pale?"

Alikuwa anasema kweli kabisa. Hakuona uongo wowote ndani yake. Tulikula pale, na gari likisimama kwa muuzaji halina kosa, basi nyumba iandikwe muuzaji na mtu wetu aachwe aomboleze. Nilishika kichwa. Nilijua kitakachofuata kama unavyojua mvua ukisikia harufu yake, na kwa kweli haikuchelewa. Mfumo ukishapata muuzaji mpya unamchunguza. Unampelekea maswali kwenye simu yake.

Dereva alikuja na simu mkononi, ameinyoosha mbele kama kitu kilichomwuma.

"Mama, hii nauliza mimi iko na wafanyakazi ngapi."

Nikaichukua nikasoma. Ilimwuliza idadi ya wafanyakazi, namba yake ya kodi, ana utaratibu gani wa kuzuia ajira ya watoto, na kama kuna mtu yeyote wa familia yake anayefanya kazi kwenye kampuni yetu. Alikuwa bado amenyoa kichwa cha msiba. Nikamwambia, "Usijibu kitu, mzee, niachie mimi." Lakini mashine haikuhitaji jibu lake. Ilikuwa na anwani ya muuzaji, ilikuwa na anwani ya dereva, na ni moja. Kufikia jioni alikuwa amepata kosa la pili: mfanyakazi amejisajili kuwa muuzaji wa kampuni bila kutangaza maslahi yake.

Nilimpigia mkuu wa magari kelele mpaka watu wakatoka kwenye vyumba vyao. Alikaa kwenye kiti anaangalia viganja vyake.

"Nilitaka kumsaidia tu, madam."

"Najua! Ndiyo maana nina hasira! Ungekuwa mwizi ningekuandika tu tukamaliza!"

Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi pia, kwa sababu sasa ilinibidi nieleze mambo mawili, na la pili halikuwa na maelezo ambayo mtu wa mbali angeyaamini.

Nikampigia simu dada wa Nairobi anayesimamia mfumo. Simu ya video. Alikuwa msichana mpole, nyuma yake ukuta mweupe. Nikamweleza yote tangu mwanzo, bika, viti, makaa, kina mama wa Malakia, supplaya wa chakula. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Madam, poleni sana," akasema. "Mimi nakuamini. Lakini rangi siwezi kuigusa kwa mkono. Tukianza kugusa kwa mkono, mteja ataona tumegusa, na hapo ndipo hatakuwa na imani na rangi yoyote."

"Mtu amefiwa, dada yangu."

"Basi tuletee hati ya kifo."

"Wewe umewahi kwenda matangani?"

"Madam, mimi kwetu ni Magharibi ya Kenya," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Matanga nayajua pengine kuliko wewe. Lakini na mimi niko na rangi yangu. Kila nikifunga kitu bila hati, inaandika ni mimi niliyefunga."

Hapo nikaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Sikuwa na la kumlaumu. Nilitamani angekuwa mjeuri kidogo, ningepata pa kumwaga hasira. Nikamuaga vizuri.

Kwa hiyo ilibidi nimwambie mfiwa. Nilimwita, nikafunga mlango, nikamwekea chai ambayo hakuinywa. Nikamweleza kwamba muda unakwisha, kwamba jina lake likishatumwa kwa mteja halirudi, na kwamba kinachoweza kulizuia ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mkewe amekufa.

Alikizungusha kikombe taratibu mezani.

"Mama," akasema, "mimi bado hapana ona kaburi. Sasa natafuta karatasi?"

Nilitaja watoto. Nilisema wanne wale wanakula na kusoma kwa huu mshahara, na sasa wamebaki na wewe tu. Nilijichukia nikisema, kwa sababu ni jambo alilolijua kuliko mimi, na mtu aliyefiwa hahitaji mkaguzi wa kumkumbusha watoto wake. Akainuka akasema "Khalas," yaani basi, akatoka.

Kwa bahati barabara ya Nimule ilifunguliwa siku hizo. Likizo hakupewa, maana mwenye nyekundu mfumo haumpi likizo, ombi lake linarudi lenyewe. Akaenda bila malipo. Mkuu wa magari akapanda lori la dereva yeye mwenyewe, akawa analiendesha mchana na kufanya kazi ya ofisini jioni. Nadhani alikuwa analipa kosa lake. Mimi kila asubuhi nilikuwa nafungua skrini na kuangalia muda uliobaki kwa jina la yule mtu.

Alirudi siku ya mwisho, vumbi la basi bado limemkaa kwenye nyusi. Akatoa mfuko wa plastiki kifuani, ndani mna karatasi imekunjwa vizuri, ina mhuri.

"Umeliona kaburi, mzee?" nikamwuliza.

"Nimeona." Akakaa. "Lakini nilianza na karatasi, mama. Ofisi yao nafunga mapema. Watoto ilikuja kunipokea kwa barabara, mimi nawaambia ngoja, kwanza ofisi. Tukapanga mstari na wao. Kaburi tumeenda jioni."

Alisema taratibu tu, bila kunilaumu. Laiti angenilaumu. Nikajifanya nashughulika na mashine ya kuskani kwa sababu sikuweza kumtazama.

Karatasi ikaingia. Mfumo ukaitazama, kama unatazama, kwa muda wa kupepesa jicho. Ushahidi umekubaliwa, ukaandika. Asante kwa ushirikiano wako. Jambo lililotunyima usingizi wote likaisha hivyo, bila hata samahani, na la supplaya likafutika pamoja nalo baada ya mimi kuandika kwamba usajili ulifanywa kimakosa na mtu mwingine. Mkuu wa magari akapata onyo. Dereva akashuka kutoka nyekundu hadi njano, kwa masharti: yuko chini ya uangalizi, na akisimama tena kwenye nyumba yoyote ya makazi akiwa kazini, anakwenda nyekundu moja kwa moja bila nafasi ya kujieleza.

Nilifurahi. Nitasema ukweli, nilifurahi sana, nilimshika bega nikasema, "Umepona, mzee." Watoto wake walirudi shule muhula ulipofunguliwa. Nairobi walitupongeza, wakasema tawi la Juba limeonyesha jinsi mfumo unavyotakiwa kufanya kazi, kwa ushahidi na si kwa maneno. Pia mfumo wenyewe ulitoa pendekezo, na pendekezo likawa waraka: magari yote ya kampuni ni marufuku kusimama kwenye nyumba za watu, kwa sababu yoyote. Tukatia saini wote. Mimi ndiye niliyezungusha karatasi hiyo meza kwa meza.

Baada ya hapo watu walifiwa, maana watu hawaachi kufiwa kwa sababu ya waraka. Mhasibu alifiwa na dada yake, mtu wa ghala akafiwa na mtoto. Tulisema tutapita baada ya kazi. Lakini baada ya kazi kunaingia giza, boda ni ghali na jioni Juba kila mtu anataka awe amefika kwake. Wachache walikwenda. Wengine tulituma pole kwa simu, tukasema maleesh, mtuwie radhi, tutakuja Jumapili, na Jumapili ikaja na mambo yake. Nilikwenda bika ya mtu wa ghala, nikakuta viti vingi vitupu. Yeye alinishukuru kupita kiasi, jambo lililonisumbua.

Kisha mkuu wa magari akafiwa na baba yake. Alisafiri kwenda Arua kuzika, na hapa Juba mkewe akafunga turubai nyumbani kwao Malakia, mbele ya nyumba, kwenye barabara tunayopita kupeleka mzigo kwa mteja wetu mkubwa. Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye lori pamoja na yule dereva, kwenda kushuhudia unga ukishushwa. Tulikuwa tunazungumza habari za watoto wake, mkubwa anataka kusomea uuguzi, tukakata kona tukaliona turubai.

Ilikuwa asubuhi, kwa hiyo watu hawakuwa wengi. Wanawake wachache tu walikuwa wamekaa, na yule mke wa mkuu wa magari alikuwa katikati yao, kitambaa kichwani. Aliliona lori kabla hatujafika. Analijua lori letu, na anamjua anayeliendesha. Akasimama, akasema kitu kwa wenzake, na wale wanawake wakaanza kusogea na kusogeza viti kutupa nafasi, jinsi inavyofanywa wageni wakifika.

Dereva akapunguza mwendo. Akabadilisha gia, mpaka lori likawa linatambaa.

"Mama," akasema, bila kuniangalia, "nasimama?"

Mimi ndiye mkaguzi. Ningesema simama, angesimama, nami ningekuwa shahidi. Kwenye dashibodi ile taa ndogo ya traka ilikuwa inawaka na kuzima. Nilimfikiria yule mtoto wa uuguzi. Nilifikiria foleni ya karatasi kule kambini.

"Twende," nikamwambia.

Akatia gia. Tukapita karibu kabisa na viti, ningeweza kuushika mkono wa mtu kupitia dirishani. Hakupiga honi, wala mimi sikupunga, kwa maana ungempungiaje mtu ambaye husimami kwake. Nikaangalia kioo cha pembeni. Yule mama alikuwa bado amesimama, ameshika kiti cha plastiki kwa mkono mmoja, anatazama lori linavyokwenda.

Tukafika kwenye lango la mteja. Mlinzi alikuwa anakagua chini ya gari kwa kile kioo chao. Dereva alizima injini, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Yeye ndiyo ilipika, mama," akasema. "Bibi yangu kufa, siku zote, yeye ndiyo ilipika."

"Najua, mzee."

Mlinzi akaangalia rangi ya dereva kwenye simu yake, akatufungulia lango, tukaingia kushusha unga.